Hatua Sita za Shuka

"Kazi?" mkunga aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kadi.

Mpiga pasi alitazama vidole vyake. Mwanamke aliyetoka humo kabla yake alikuwa amejibu "mwalimu" kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje, na aliyemtangulia huyo alikuwa amejibu "karani". Pazia la chumba lilikuwa jembamba. Kila jibu lilitoka nje kama tangazo. Alilifikiria banda la dobi, mashuka ya nyumba za wageni, madoa yake, na mzaha ambao watu huufanya kila wakisikia habari za mashuka ya nyumba za wageni.

"Nipo nyumbani tu," alisema.

Mkunga aliandika. Alimpima presha, akampapasa tumbo la miezi saba, akamuuliza kama mtoto anacheza.

"Anacheza. Mchana kutwa."

"Vizuri. Mumeo yuko wapi? Mwite."

Mume aliingia akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa fundi rangi, na siku hiyo nywele zake za mbele zilikuwa na rangi nyeupe kama za mzee wa miaka themanini. Mkunga alimwangalia akacheka kidogo, kisha akawa mkali.

"Baba, huyu asikae tu ndani kama gunia la chumvi. Mwili ukikaa sana unalala. Atembee nusu saa kila siku, jua likipoa. Na wa kumtembeza ni wewe."

"Nitamtembeza, nesi," fundi rangi alisema, kama mtu anayekula kiapo.

Njiani mke alifungua mdomo mara mbili akaufunga. Ili aseme kwamba nesi hakujua, ingebidi aseme kwa nini nesi hakujua. Mumewe alikuwa getini, mbali na benchi, wakati wa lile jibu. Yeye aliamini kwamba nesi ameshaambiwa kila kitu na bado amesema mke atembee, na nesi amesoma, yeye ni nani wa kubisha?

"Kuanzia kesho, mama kijacho," alisema kwa furaha. "Jioni tunaanza."

* * *

Banda la dobi lilikuwa nyuma ya duka la magodoro. Mashuka yalifika asubuhi kwa gari, yakafuliwa, yakaanikwa, yakapigwa pasi, yakakunjwa, na saa kumi alasiri gari lilirudi kuyachukua. Msimamizi hakujali kitu kingine duniani ila hiyo saa kumi. Kutwa alipita katikati ya meza akipiga makofi na kusema "Mikono! Mikono!" mpaka wafanyakazi wakamwita Mikono, na mwenyewe akaitika.

Wapiga pasi walikuwa wanne. Waya za pasi zilining'inia kutoka juu, meza zilikuwa za mbao zilizofunikwa blanketi kuukuu, na sakafu ilikuwa ya vigae vya saruji vilivyolowa. Mtu alisimama pale pale, juu ya vigae viwili, kuanzia saa moja asubuhi. Rundo likiisha aliinama kwenye beseni, akanyanyua jingine lenye unyevu, zito kama mtoto wa miaka mitatu, akalipandisha mezani. Kukaa hakukuwepo. Kiti kimoja tu kilikuwa humo ndani, nacho kilikuwa cha Mikono.

Upande wa mlangoni walikuwa wakunjaji wawili. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja husimama mahali pamoja ameshika kona mbili, na huyo huitwa nguzo. Mwingine hushika kona mbili za upande wa pili, analivuta shuka, wanalikung'uta likalia pwaa, kisha anatembea hatua sita mpaka kwa nguzo, anampa kona zake, anachukua mkunjo, anarudi nyuma hatua tatu, anakuja tena. Huyo huitwa mguu. Kwa miaka kumi na minane mguu alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Kona Nne, kwa sababu kila msichana mgeni alimfundisha kwa maneno hayo hayo: "Shuka lina kona nne, ukipoteza moja tafuta kazi nyingine." Nguzo wake alikuwa msichana mrefu, mwenye maneno mengi, aliyeitwa Antena.

"Mama kijacho," Antena alipaza sauti asubuhi iliyofuata, "mbona leo umevaa viatu vya baba mkwe?"

Watu walicheka. Mpiga pasi alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa ndala pana za mama mkwe, maana zake hazikuingia tena.

"Vya mama mkwe," alijibu taratibu. "Baba mkwe alikuwa na mguu mdogo."

Walicheka zaidi, na yeye akacheka nao. Kona Nne peke yake hakucheka. Aliiangalia miguu ile, akaangalia vigae viwili, akalikung'uta shuka lake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

* * *

Jioni fundi rangi alikuwa anamsubiri mlangoni amenawa uso.

"Haya, twende. Nusu saa."

"Leo nimechoka, mume wangu."

"Ndiyo maana nesi amesema. Mwili umelala huo."

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga. "Mwili gani uliolala?" aliuliza. "Mtu ametoka kusimama kutwa nzima."

"Mama, nesi anajua anakofanya kazi. Ameandika kwenye kadi."

Mke alisikia neno kadi, akajifunga kanga yake upya. "Twende," alisema.

Walitembea. Walipita kwa fundi viatu, wakapita kisimani, wakazunguka uwanja wa shule. Fundi rangi hakuwa na saa ya mkononi, kwa hiyo aliipima nusu saa yake kwa kuzunguka uwanja mara tano, na kwa mapenzi aliongeza ya sita. Alimshika mkono mahali penye mashimo. Alimsimulia ukuta aliopaka, jinsi mwenye nyumba alivyotaka rangi ya bahari na fundi akauliza bahari ya asubuhi au ya jioni. Watu walisimama mlangoni kuwaangalia, na mama mmoja alisema kwa sauti, "Wanaume wa hivi bado wanazaliwa?" Mke alisikia, na kwa sababu hiyo hiyo akashindwa kusema neno. Atamwambiaje mtu anayemfanyia wema kwamba wema huo unamuumiza?

Wiki mbili zilipita hivyo. Usingizini aliota anapiga pasi shuka lisilo na mwisho. Mama mkwe kila usiku alimwekea miguu juu ya mto bila kuuliza kitu, akamkanda kwa maji ya uvuguvugu. "Mwanangu," alimwambia siku moja, "una neno kooni. Liteme kabla halijakukaba."

"Hakuna, mama."

"Haya. Mimi nipo."

* * *

Jioni moja walikuwa kwenye mzunguko wa nne. Tumbo lilikaza ghafla, likawa gumu kama ngoma, likakataa kulegea. Alisimama. Fundi rangi aliendelea hatua mbili kabla ya kugundua kwamba mkono alioushika haupo.

"Nini?"

"Subiri." Alikaa chini pale pale, kwenye jiwe la pembeni ya uwanja, yeye asiyependa kutazamwa. "Subiri kidogo."

Lililegea, kisha likakaza tena. Fundi rangi hakusubiri. Alikimbia mpaka kwa fundi viatu, wakaja na toroli la kubebea mizigo lililotandikwa magunia, na mama mkwe akitokea nyuma na kanga mbili begani, hana viatu, kwa sababu viatu vyake vilikuwa miguuni mwa mkwe wake.

Kwenye kliniki alikuwepo mkunga yule yule. Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akamsikiliza mtoto kwa muda ambao kwao wote watatu ulikuwa mrefu kuliko wiki zote mbili. Kisha akainua kichwa.

"Moyo wa mtoto uko sawa. Njia haijafunguka. Huu si uchungu, ni mwili unaolalamika." Alibonyeza mguu wa mgonjwa kwa kidole gumba, na shimo likabaki. "Lakini wewe uko nyumbani tu. Unafanya nini huko nyumbani?"

"Nyumbani?" fundi rangi aliuliza. "Nani yuko nyumbani? Huyu anapiga pasi kwenye dobi, kutwa nzima, siku sita."

Mkunga aliichukua kadi, akamwonyesha mahali palipoandikwa. Fundi rangi alisoma polepole, herufi kwa herufi. Halafu akamtazama mkewe, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyegundua kwamba ukuta mzima ameupaka rangi isiyo yake.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nakutembeza..."

"Usiseme," mke alisema, machozi yakimwingia sikioni kwa jinsi alivyolala. "Ni mimi. Niliona aibu. Walikuwa wanasikia nje."

"Aibu ya nini?"

"Ya mashuka."

Mama mkwe alipiga goti pembeni ya kitanda. "Aibu ya mashuka!" alisema, na sauti yake haikuwa ya kukaripia. "Mashuka hayo ndiyo yametuezekea bati. Mimi mvua ikinyesha nawaombea hao wageni walale salama, wayachafue waje tena kesho."

Mgonjwa alicheka huku analia, na tumbo likatikisika, na mkunga akasema acheni kumchekesha.

Baadaye mkunga alivuta kiti akakaa karibu nao. "Kosa ni letu sote," alisema. "Mimi niliona mikono yako ina alama za moto, nikadhani ni za jikoni. Ningeuliza mara ya pili. Sasa nisikilizeni. Kutembea ni kuzuri, sifuti neno langu. Lakini kusimama pale pale kutwa si kutembea. Huo ni mzigo, na damu inabaki chini miguuni. Usinyanyue beseni. Usisimame mahali pamoja. Tembea kidogo, kaa kidogo, miguu juu. Ukichoka, umechoka, hakuna cha kumalizia nusu saa. Ukiona damu, au maji, au kichwa kinauma sana, au mtoto amenyamaza, njoo hapa saa hiyo hiyo. Nitakuandikia barua kazini. Kwanza pumzika siku tatu."

Alichukua kalamu, akakata neno "nyumbani" kwa mstari mmoja. "Niandike nini hapa?"

Mgonjwa aliangalia pazia. Nje kulikuwa na watu wawili.

"Basi," mkunga alisema. "Naacha wazi. Utaniambia mwenyewe ukija."

* * *

Siku ya nne alirudi kazini na barua. Alikuwa amepanga kumpa Mikono pembeni, lakini Mikono alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti.

"'Asisimame mahali pamoja,'" alisoma katikati ya banda. "'Atembee kidogo, akae kidogo, asinyanyue vitu vizito.'" Aliikunja barua. "Atembee, akae. Hii ni dobi au ni bustani ya kupumzikia? Kesho mwingine ataleta barua ya kulala."

Hakuna aliyecheka. Pasi zilitoa mvuke.

"Bosi, naomba..." mpiga pasi alianza.

"Mimi sina ubaya na wewe. Unapiga pasi vizuri. Lakini meza ni meza. Ukishindwa kusimama, nenda kajifungue, ukirudi kama nafasi ipo, ipo."

Kila mtu alijua nafasi haitakuwepo. Nje ya geti kila asubuhi walisimama wanawake wawili watatu wanaoulizia kazi. Naye kazi hii aliitaka. Aliitaka kwa sababu ya bati na kwa sababu ya mtoto, na pia kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu: shuka lililokunjamana likipita chini ya mkono wake na kunyooka, moyo wake nao ulinyooka.

Shuka lililia pwaa mlangoni. Kona Nne alikuwa amelikung'uta, halafu hakutembea. Alibaki amesimama.

"Mikono," aliita. "Njoo."

"Nini tena, bibi?"

"Huyu hatakiwi kusimama pale pale. Anatakiwa kutembea kidogo bila mzigo. Katika banda hili nani anatembea bila mzigo?"

Mikono aliangalia shuka, akaangalia miguu ya bibi. "Wewe."

"Mimi. Basi mguu nampa yeye. Mimi nakuwa nguzo. Antena anakwenda kwenye pasi."

"Haa!" Antena alisema. "Mimi tena? Nimeingiaje hapo?"

"Una mikono mirefu, utapiga pasi mashuka mawili kwa mpigo."

"Bibi, wewe miaka kumi na minane hujawahi kumpa mtu mguu," Mikono alisema. "Hata yule mjukuu wako ulimnyima."

"Nilimnyima kwa sababu nilikuwa naogopa." Kona Nne alipandisha gauni mpaka gotini. Goti la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa, limevimba kama papai. "Mwaka wa pili huu. Nilijua mkiliona mtasema bibi amekwisha. Natembea nauma meno. Sasa binti huyu anahitaji kutembea na mimi nahitaji kusimama, na wewe unahitaji mashuka saa kumi. Gari likiondoka leo bila mzigo kamili, tufukuze wote wawili, uanzie mimi."

Mikono alijikuna shingo. Alitazama saa ukutani, kwa maana hapo ndipo alipotafuta majibu yote.

"Leo tu," alisema. "Nijaribu."

"Na beseni?" Antena aliuliza. "Nani atanyanyua?"

"Wewe," walijibu wapiga pasi watatu kwa pamoja.

"Haya. Lakini mtoto huyo akiwa wa kike aitwe Antena, na akiwa wa kiume aitwe Antena."

* * *

Shuka la kwanza lilianguka. La pili lilikunjwa upande. Kona Nne hakumkaripia. "Usinikimbilie," alisema. "Mimi sitoki hapa. Hatua sita, pumua, nipe kona. Tatu nyuma, pumua. Miguu ndiyo inahesabu, wewe angalia kona."

Hatua sita, pumua. Kufika saa nne mwili ulikuwa umeelewa. Kila mashuka ishirini Kona Nne alisema goti lake limechoka, wakakaa wote wawili juu ya furushi la mashuka makavu, miguu juu ya furushi la pili, dakika chache tu. Mara ya tatu mpiga pasi aligundua kwamba goti lilichoka kila mara alipochoka yeye.

Saa kumi gari lilijaa. Mikono alihesabu, akahesabu tena. "Kesho pia," alisema, akaondoka haraka kabla hajashukuriwa. Asubuhi yake walikuta kiti chake kimesogezwa mlangoni, karibu na wakunjaji. Mwenyewe alisema kilikuwa kinamzuia kupita.

Nyumbani, fundi rangi aliacha mizunguko. Kwa siku kadhaa alitembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake, kama mwizi. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, sijakwambia ile mizunguko ilikuwa mibaya. Nilipenda habari za kuta." Basi jioni walikaa kizingitini, miguu ya mke mapajani kwa mume, naye akamsimulia kuta. Siku ambazo mke alisema ana nguvu, walikwenda mpaka kwa fundi viatu wakarudi. Ndala za mama mkwe zilirudi kwa mwenyewe, kwa sababu vidole vilianza tena kuonekana vidole.

Kliniki iliyofuata benchi lilijaa. Alipoingia, mkunga alifungua kadi, akaweka kalamu kwenye ile nafasi iliyokatwa, hakuuliza kitu.

"Nakunja mashuka," mama kijacho alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kwenye dobi. Mimi ndiye mguu."

Nje ya pazia mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mumewe, cha mtu aliyemeza kitu kikubwa kwa furaha.

* * *

Siku yake ya mwisho kazini, wiki tatu kabla ya tarehe ya kujifungua, Kona Nne alimpa furushi. Lilikuwa shuka kuukuu lililoondolewa kwenye kazi, laini kwa kufuliwa mara nyingi, limekatwa vipande vinne vya mtoto na kupindwa pindo kwa mkono.

"Shuka moja lina kona nne," bibi alisema. "Nimekukatia, sasa unazo kumi na sita. Usipoteze hata moja, ndiyo shukrani yangu. Na nafasi yako ipo. Nimemwambia Mikono nguzo haikubali mguu mwingine."

"Bibi, mimi ndiye wa kushukuru."

"Wewe umenipa kusimama, mwanangu. Unajua nimetaka kusimama kwa muda gani?"

Uchungu ulianza asubuhi moja, wa kweli, wa kuja na kuondoka kwa mpango. Kliniki, mkunga alimpima akasema bado, atembee taratibu kwenye baraza kama anaweza, akichoka akae. Fundi rangi aliposikia neno atembee, alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nesi, mimi simtembezi," alisema. "Mimi nilishakosa."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Mke alifungua furushi, akatoa kipande kimoja cha shuka, akamwekea mumewe kona mbili mikononi.

"Simama hapo," alimwambia. "Wewe ni nguzo. Usitoke."

Kipande kimoja hakikutosha, kwa hiyo mama mkwe alikiunga haraka haraka kwa mafundo na vile vingine vitatu, akashika katikati, na mke akarudi nyuma hatua sita na kona zake hewani. Maumivu yalikuja, akasimama, akapumua, yakapita. Kisha alianza kutembea kumfuata mumewe, moja, mbili, tatu. Fundi rangi alisimama wima, mikono imenyooka mbele, hajapepesa, rangi ya bahari ya asubuhi ikiwa bado kwenye kucha zake, anasubiri kupokea.